Redio Tatu za Baba Mdogo

Kasulu, 2 Septemba 2024

Baba mdogo Venant,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo moja tu, nyingine utazikuta huku ukifika. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anasahau kwamba yanamsumbua, anachukua jembe anakwenda shamba. Duka la dawa ninalofanyia kazi limehamia karibu na stendi, kwa hiyo siku hizi nauza panadoli kwa watu wenye haraka. Msalimie mama mdogo Ange. Mwambie Vanessa picha ya mahafali yake niliipata, amefanana na marehemu Bibi mpaka kwenye kukunja uso.

Utashangaa kupokea karatasi katika zama hizi. Simu yako imenishinda. Mwezi uliopita nimekupigia mara nne. Tunaongea vizuri, tunacheka, unaniuliza kama mahindi yamekomaa. Nikitaja tu neno posa, mtandao unakatika. Mara nne, Baba mdogo! Na mama mdogo Ange ananiambia gari lako sasa lina redio tatu na antena ndefu kama mlingoti wa bendera. Mtu mwenye redio tatu anakatikiwaje mtandao? Basi nakuandikia, maana karatasi huwezi kuikata.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wa Blaise, yule fundi pikipiki niliyekuonyesha kwenye video, wanataka kuja rasmi Jumamosi ya tarehe 14 Desemba. Unajua kwa upande wa Baba mambo yanavyokwenda. Wageni wakishaketi, mzee wao anasimama na kuuliza, "Baba wa binti huyu ni nani?" Mtu wa damu ya baba anajibu, "Ni mimi," ndipo mazungumzo yanaanza. Asipojibu mtu, wageni wanaaga na kuondoka, hata chakula hawagusi. Wewe na Baba mlitoka Fizi, Kongo, wawili tu mkaingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, yeye akamwoa Mama, Muha wa hapa Kasulu, kisha akafa kwa homa nikiwa na miaka mitatu. Wajomba ninao saba, wote wana sauti kubwa, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kujibu swali hilo. Umebaki wewe peke yako.

Naomba jibu la neno moja. Unakuja?

Binti yako,
Bibiane


Lidcombe, Australia, 30 Septemba 2024

Mwanangu Bibiane,

Marahaba, hiyo moja nimeipokea. Barua imefika Alhamisi ikiwa imekunjamana, utadhani kuna mtu aliikalia safari nzima. Sisi wazima. Mgongo wangu bado unalalamika. Malori ya makontena ya bandari ya Port Botany niliyaacha, sasa nahesabu mizigo kwenye ghala moja huko Smithfield, kazi ya kusimama kutwa. Mama yako mdogo yuko vilevile kwenye nyumba ya kulea wazee. Vanessa nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, nikimsemesha Kiingereza ananisahihisha.

Umeuliza habari za gari, nikueleze. Ni Prado la mwaka 2004, injini haina neno. Ndani kuna redio za upepo tatu, zile za kubonyeza ukasema, ukaachia ukasikia. Ya kwanza ni ya madereva wa malori, chaneli ya arobaini, naijua tangu enzi za makontena. Ya pili ni ya masafa marefu, nimeifanyia mtihani mpaka nikapewa kibali. Ya tatu ni ya mkononi, ya kutoka nayo nje. Kioo cha mbele nimekiwekea wavu wa chuma wa kufunga na kufungua, maana mvua ya mawe ya huku haina adabu. Siti ya nyuma kuna kofia ngumu mbili, miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi na blanketi zito la kujifunika vioo vikivunjika.

Gad, Mrundi mmoja fundi umeme tunayesali naye, ndiye anayenifungia nyaya, na amenichosha. Anataka redio zote tatu zitumie betri ya gari, eti ndivyo wanavyofanya watu wote. Nimemwambia mara kumi: kila redio na betri yake, na betri ya redio haiazimwi, si kwa muziki, si kwa tochi, si kwa chochote. Amefungua nyaya mara mbili akaanza upya. Jumamosi aliondoka bila kunywa chai.

Usidhani ni mchezo. Tuko watu kumi na wawili wa kujitolea. Wingu likianza kusimama upande wa milimani tunalifuata, wengine wanataka picha. Mimi sina haja na picha. Mimi natazama linakoelekea, kisha nawaambia walio mbele yake waingize watoto ndani na washuke mapaani.

Habari ya Desemba nimeisikia. Desemba ndiyo katikati ya msimu wa dhoruba, nao hauishi mpaka Machi. Tutaona, Mungu ni mwema. Msalimie mama yako, shemeji Fébronie.

Baba yako mdogo,
Venant


Kasulu, 22 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mvua za kwanza zimenyesha, kuku wawili wamekufa kwa mdondo, na mjomba wa tatu amenunua spika, Mungu atusaidie.

Mimi sikuuliza habari za gari. Nimeirudia barua yangu kichwani neno kwa neno, na neno gari nililitaja kwa sababu ya kukulaumu tu. Nimeuliza kama unakuja. Umenijibu antena, wavu, miwani, glavu na blanketi, nikafika mwisho nikakuta "tutaona". Blaise alikuwa amekaa karibu yangu nikisoma. Akauliza, "Anakuja?" Nikamwambia redio ya pili imefanyiwa mtihani. Hakujua acheke au aondoke.

Na huyo Gad nampa pole bila kumjua. Kama mafundi wote wanaunganisha redio kwenye betri ya gari, wewe umekuwa nani? Blaise naye ni fundi, amesema hakuna sababu hata moja ya kila redio kuwa na betri yake. Nikamwambia asubiri, ataoa katika ukoo huo.

Barua zako huwa namsomea Mama jioni akichambua maharage. Hii niliisoma kwa sauti ya juu kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilipofika pale pa betri kutoazimwa, mikono yake ikasimama. Akasema, "Kumbe bado anazihesabu." Nikamuuliza anahesabu nini. Akarudi kwenye maharage yake. Sasa nina wazee wawili wasiojibu maswali, mmoja jikoni na mmoja Australia.

Watu wa Blaise wameshaalika wazee wao. Wajomba wameshaanza kugombania mbuzi. Nijibu, Baba mdogo. Ukiniandikia tena habari za nyaya nitaipeleka barua kwa Blaise aisome yeye.

Bibiane


Lidcombe, 12 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa kuku. Huku Ange amenigomea. Anasema chaja zangu zimejaa sebuleni mpaka wageni wa kanisa wanakalia antena. Polisi naye alinisimamisha Smithfield akauliza wavu wa kioo ni wa nini, nikamweleza robo saa nzima, mwishowe akasema, "Okay mate, okay," yaani sawa rafiki, akaniacha niende. Naona kila mtu amechoka nami.

Ijumaa tulipata dhoruba kubwa. Nilikuwa natoka kazini, Gad yuko pembeni yangu, wingu la kijani linakuja kutoka magharibi. Juu ya paa la ghala moja niliona wanaume watatu wanafunga mabati, hawana habari. Nikaita kwenye chaneli ya arobaini, nikasikia madereva wakijibu, lakini wale juu hawana redio. Nikaingiza gari uani kwao nikashika honi, sikuiachia. Walinitukana, Bibiane. Walinitukana kwa lugha tatu, moja ikiwa Kiswahili chetu cha Kongo. Sikuondoa mkono kwenye honi mpaka wa mwisho alipokanyaga chini. Hazikupita dakika nne, mawe yakaanguka makubwa kama malimau. Wavu ulishika kioo cha mbele, cha upande wangu kikapasuka. Kofia moja alivaa Gad, ya pili nilikuwa nimempa mmoja wao, kwa hiyo jiwe lilinipata kwenye sikio la kushoto, linavuma hadi leo. Gad sasa hanibishii tena habari za betri.

Sasa niseme lile unalolitaka. Desemba sitaweza. Si kwamba sitaki. Nimefikiri, mjomba wako mkubwa ni mtu mzima na anaheshimika, amekulea kuliko mimi. Akijibu yeye swali lile, nani atakataa? Dunia imebadilika. Watu wa Blaise wataelewa.

Tafadhali usikasirike. Mwambie shemeji asijali maneno ya betri, ni tabia tu.

Venant


Kasulu, 9 Desemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo.

Barua yako nimeipata Ijumaa, siku nane kabla ya wageni. Nimekwenda mwenyewe kwa mama yake Blaise kusema posa haitakuwepo. Alikuwa ameshapika pombe ya ndizi. Aliniuliza, "Baba yako mdogo anaumwa?" Nikasema hapana, ni mzima, anafukuza mawingu.

Mjomba mkubwa nilimwambia ulivyopendekeza. Alinitazama kama nimemtusi. Akasema, "Nikisimama kujibu, nitakuwa nimesema baba yako Gratien hakuwa na ndugu."

Unashika honi kwa watu watatu usiowajua mpaka wanashuka, wakikutukana. Mimi ninayekuita baba nimekuita mara nne kwenye simu na mara tatu kwenye karatasi, hujaitika hata mara moja. Nataka kujua nimekukosea nini.

Mama amesema nikuandikie hivi kama alivyosema, nami sijui maana yake: "Mwambie Venant mimi najua habari za betri, na nilijua siku ileile."

Bibiane


Lidcombe, 24 Januari 2025

Mwanangu Bibiane,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 3. Nimeanza kuijibu mara sita. Ange aliikuta mezani, akampa Vanessa amsomee kwa sababu miwani yake ilikuwa kazini. Sikujua kwamba Vanessa anasoma Kiswahili vizuri vile. Aliisoma yote, akanigeukia akasema, "Dad, just answer her," yaani nikujibu tu. Hajanisemesha sawasawa tangu siku hiyo.

Hujanikosea chochote. Baba yako hakufa kwa homa.

Kambini nilikuwa mlinzi wa kujitolea wa mtaa wetu. Nilipewa redio ya upepo, ya zamani, iliyokuwa inakula betri sita za kawaida. Kazi yangu ilikuwa kukaa nayo kwenye kibanda. Mtaa wa juu wakiona moto au upepo mkubwa wanaita, nami natoka kuwaambia watu. Siku hiyo mchana kulikuwa na mechi. Betri za redio yangu ya kaseti zilikuwa zimekwisha. Nikatoa sita za ile ya kazi nikaziweka kwenye yangu, nikasema ni dakika tisini tu.

Gratien alikuwa juu ya kanisa anafunga turubai la paa na mapasta wawili. Mtaa wa juu waliona upepo unakuja. Waliita, baadaye waliniambia waliita mara saba. Mapasta waliruka. Gratien alikuwa ameishika kamba, upepo ukanyanyua turubai pamoja naye, akaanguka kwenye matofali. Aliishi siku mbili. Siku ya pili alinishika mkono akasema nikuangalie wewe. Hakuniuliza kwa nini sikuita. Afadhali angeniuliza.

Kuna jambo jingine sijawahi kumwambia mtu. Nilipokimbia kurudi kibandani kuificha ile redio, nilikuta betri sita zimo ndani yake, na ya kaseti iko tupu. Wakubwa wa kambi walipokuja kuikagua iliwaka vizuri, wakasema labda upepo ulizuia mawimbi. Miaka yote hii nimejiuliza. Kuna siku najidanganya kwamba labda sikuzitoa. Lakini nilizitoa, Bibiane. Mechi niliisikia.

Tulikubaliana wewe uambiwe homa. Nilidhani shemeji alikubali ili usiogope upepo.

Sasa niambie, mzee wa watu asimame mbele ya watu wote aulize baba wa binti huyu ni nani, mimi nifungue mdomo? Kila nikikata shauri kuja, nalisikia swali hilo, nakwenda kufunga waya mwingine kwenye gari.

Kama hutaki kunisemesha tena, nitaelewa.

Venant


Kasulu, 20 Februari 2025

Baba mdogo Venant,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama mzima. Mahindi yamekauka kidogo upande wa bondeni.

Nimekasirika siku tisa. Wewe nilikuwa nimekuzoea kukukasirikia, lakini safari hii nilimkasirikia na Mama. Miaka ishirini na mitatu nimeamini ni homa, nimejaza fomu za hospitali, wakiuliza baba alikufa kwa nini naandika homa. Nauza dawa za homa kila siku! Sikumsemesha siku mbili. Ya tatu chumvi ikaisha, nikalazimika.

Ndipo akanieleza. Siku ile aliposikia kelele za kanisani alipita kibandani kukuita, hukuwepo, ulikuwa umeshakimbia. Aliona redio ya kazi imefunguliwa mgongo, haina kitu, na ya kwako inaimba mpira. Akaelewa palepale. Akazitoa betri kwenye ya kwako akazirudisha, akafunga kifuniko, ndipo akaenda kwa mumewe. Anasema betri moja ilimwanguka akaitafuta chini ya benchi. Nikamuuliza kwa nini alifanya hivyo kwa mtu aliyekosa vile. Akasema, "Wangempiga. Niliona naondokewa na mume, nikaona nisiondokewe na shemeji siku moja."

Kwa hiyo hukuota, Baba mdogo. Ulizitoa, na yeye akazirudisha. Amesubiri miaka yote useme mwenyewe. Ulipohamia Australia alisema, "Atasema akifika mbali." Ukafika mbali ukanunua redio tatu.

Habari ya kusamehe sijaifikia, nisikudanganye. Nikiwa natembea kwenda kazini nawaza mechi hiyo ilikwishaje, kisha najichukia kwa kuwaza. Lakini haya ni mambo mawili. Kukukasirikia nitakukasirikia hapa, ukiwa umekaa mbele yangu unakula. Hii ya kusimama haihusiani. Baba alikuachia kazi moja, na hakukuomba uwe mtu asiye na kosa ndipo uifanye.

Watu wa Blaise wamekubali kuja Jumamosi ya tarehe 26 Aprili. Umesema mwenyewe msimu wa dhoruba unakwisha Machi, nimeiweka Aprili makusudi usiwe na pa kujificha. Wajomba wote saba nimewakalisha nikawaambia swali likiulizwa wanyamaze, hata aliyenunua spika. Mama naye atanyamaza. Watauliza, na nyumba nzima itakuwa kimya. Usipojibu wewe, wageni wataondoka na mimi nitawasindikiza.

Bibiane


Lidcombe, 17 Machi 2025

Mwanangu Bibiane,

Marahaba.

Barua nimeipata leo asubuhi, nimeisomea ndani ya gari nje ya ghala, nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu nianze. Nimelia, na msimamizi alikuja kugonga kioo akidhani naumwa.

Tiketi nimekata. Nafika Kigoma tarehe 21 Aprili, na Vanessa anakuja nami, kajikatia yake bila kuniuliza. Anafanya mazoezi ya kukuita dada. Gari na redio zake nimemwachia Gad. Nilimwambia akitaka anaweza kuziunganisha zote kwenye betri ya gari. Alinitazama, akasema ataziacha kama zilivyo.

Mwambie shemeji nitaongea naye kwanza kabla yako. Nina maneno ya kumwambia ambayo hayaandikiki. Akinipa maharage nichambue nitachambua.

Jambo moja la kuomba. Sikio la kushoto bado halijarudi vizuri, daktari hana uhakika kama litarudi. Nikalisheni upande ambao la kulia linamwelekea mzee wao, na umwambie aulize kwa sauti. Aulize mara moja tu, asirudie. Nitajibu.

Baba yako,
Venant